Ripoti Ikishasomwa Bungeni, Huenda Wapi?

Mhadhara uliotolewa Mombasa

Asalaam aleikum wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti. Ahsanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna kamati za Bunge zinavyoichunguza serikali katika mambo makubwa ya nchi. Mifano yangu mingi ni ya Pwani, na si kwa upendeleo. Reli, bandari, sukari ya magendo, sumu ya viwanda: mambo haya yalitugusa sisi kabla hayajawa mjadala wa Nairobi.

Bunge tunaloliona kwenye runinga ni lile la ukumbi mkubwa, la kelele na makofi. Kazi nzito hufanyika kwenye vyumba vya kamati, mara nyingi asubuhi, mbele ya watu wachache. Kila wizara ina kamati inayoangalia sera na bajeti yake. Halafu kuna zile zinazofuata fedha zilizokwisha kutumika: Kamati ya Hesabu za Umma, na zile za Uwekezaji wa Umma zinazokagua mashirika ya serikali kama Mamlaka ya Bandari. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hapa huletwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ibara ya 229 ya Katiba inampa miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kumalizika atoe ripoti yake, na Bunge linapewa miezi 3 kuijadili na kuchukua hatua. Muda huo umevunjwa mara nyingi mno. Kamati hujikuta zikihoji hesabu za miaka ya nyuma, na afisa aliyetia sahihi malipo amekwisha hamishwa au kustaafu. Anayejibu ni mtu mwingine, naye husema, kwa haki kabisa, kwamba hakuwepo.

Nguvu za kamati si haba. Ibara ya 125 inazipa uwezo sawa na wa Mahakama Kuu: kumwita mtu yeyote, kumwapisha, na kumlazimisha alete hati. Waziri naye analazimika na Ibara ya 153 kufika mbele ya kamati akitakiwa, na kujibu swali lolote linalohusu kazi yake. Katika yote haya, mimi naupa uzito zaidi uwezo wa kudai hati. Waziri akiulizwa kwa mdomo atajibu kwa mdomo, na majibu ameandaliwa na maafisa wake usiku uliotangulia. Mkataba ukiwekwa mezani, hakuna wa kuupamba.

Angalieni reli ya kisasa. Kamati 2 za Bunge la Taifa ziliichunguza zabuni yake mwaka 2014, kabla reli yenyewe haijajengwa. Treni ya abiria ikazinduliwa hapa Mombasa mwaka 2017, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ni mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mwaka uliofuata likazuka swali lililotukosesha usingizi: je, bandari yetu imewekwa rehani? Mwaka 2019 ikaja amri kwamba mizigo isafirishwe kwa reli, na mnakumbuka maandamano ya hapa mjini, malori yaliyoegeshwa, yadi za makontena zilizopunguza watu, vibanda vya chakula vya Mariakani na Mtito Andei vilivyokosa wateja. Kamati ya Uwekezaji wa Umma wakati huo iliongozwa na mbunge wa hapa Mvita, Abdulswamad Sharif Nassir, ambaye leo ni gavana wetu. Lakini sehemu za mikataba ya mkopo ziliwekwa wazi kwa umma Novemba 2022 tu, na aliyezitoa ni Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, kwa uamuzi wa serikali mpya. Miaka yote ile mji mzima uliishi kwa uvumi juu ya bandari inayoulisha. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu Katiba ilikuwa na dawa yake tangu 2010.

Kamati pia yaweza kufanya kazi yake ikaangushwa mlangoni. Mwaka 2018 kamati za pamoja zilichunguza sukari ya magendo na madai kwamba ilikuwa na madini yenye sumu. Mwezi Agosti ripoti ilifika ukumbini, Bunge likaikataa, na siku ile ile zikatapakaa tuhuma kwamba baadhi ya wabunge walihongwa ili waiangushe. Na mwaka 2020 chama tawala kiliwaondoa wenyeviti na wajumbe wa kamati walioonekana kutotii mstari wa chama. Mbunge anayejua kwamba swali kali litamgharimu kiti chake kwenye kamati atauliza swali jepesi. Kwa maoni yangu, huu ndio udhaifu mkubwa kuliko wote, mkubwa kuliko uhaba wa wataalamu au wa fedha za ziara, nao hautaondoka mpaka mjumbe alindwe dhidi ya kiranja wake, yaani msimamizi wa nidhamu ya chama Bungeni, kwa kipindi chote cha uchunguzi.

Sasa nije kwa jambo ambalo ningependa tukae nalo zaidi. Owino Uhuru, hapo Mikindani.

Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi na maji yake yalibeba madini ya risasi. Watoto wakaugua, mimba zikaharibika. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi pale pale kiwandani na ambaye mtoto wake aligunduliwa kuwa na sumu hiyo mwilini, aliongoza wakazi kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Malalamiko yakafika Seneti, Kamati ya Afya ikayachunguza, na ripoti ikatoka mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaiyumbisha hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hesabuni wenyewe: ripoti 2015, uamuzi wa mwisho 2024. Aliyekuwa mchanga wakati maseneta wanaandika amefika darasa la nne. Simlaumu hakimu. Ninachouliza kila nikipita Mikindani ni hiki: baada ya ripoti ile kusomwa, waziri aliitwa tena mara ngapi aeleze ametekeleza nini?

Kwa maana kanuni ipo. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zinamtaka waziri, ndani ya siku 60 baada ya ripoti kupitishwa, alete maelezo ya hatua alizochukua, na ipo Kamati ya Utekelezaji ya kumfuatilia. Wanahabari hujaa siku waziri anapohojiwa. Siku ya 60 hakuna kamera. Seneti ilipochunguza maafa ya Shakahola, msitu wa kule Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kujinyima chakula, kamati ya Seneta Danson Mungatana ilitoa ripoti Oktoba 2023, ikaonyesha jinsi vyombo vya serikali vilivyoshindwa kumzuia mhubiri huyo aliyekuwa amekamatwa na kushtakiwa zaidi ya mara moja kabla ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa. Wangapi kati yetu tumeuliza tangu siku ile nini kimetekelezwa?

Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na Ibara ya 118 inasema vikao vya kamati ni vya wazi, isipokuwa Spika akiona sababu ya pekee ya kuvifunga. Juni 2024 Kamati ya Fedha iliondoa kodi ya mkate na ile ya magari kwenye Mswada wa Fedha kabla ya kura. Iliyobaki mnajua ilivyowasha moto barabarani tarehe 25, na rais akakataa kutia sahihi kesho yake. Kamati ilisikia, ila ilisikia kidogo na kwa kuchelewa.

Makadirio ya bajeti hufika Bungeni kabla Aprili haijaisha, na Kamati ya Bajeti inalazimika kupokea maoni yetu. Barua iende kwa Karani wa Bunge la Taifa. Itaje kifungu au fungu la bajeti, iseme unataka kibadilishwe vipi na kwa sababu gani, nawe ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ripoti ikipitishwa, andika tarehe kwenye kalenda, hesabu siku 60, kisha andika barua ya pili.

Mzee wangu wa mawakala wa forodha uliyenipa karatasi pale mlangoni, nimeisoma. Hoja yako kuhusu ada za bandari ni nzito, ila hujataja fungu la bajeti wala tarehe. Maswali yakiisha njoo tukae tuikamilishe, na wenzako watie sahihi kabla hawajatawanyika.