Koo Lililofika Moyoni

DAUDI: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Daudi, na mwenzangu ni dada Zuhura, ambaye miaka yake mingi ya kazi imepita maabara, jicho likiwa kwenye hadubini. Dada, leo nimekuja na jambo la nyumbani. Dada yangu mkubwa huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, tangu akiwa na miaka 12. Sisi wadogo tuliambiwa tu kwamba moyo wake si mzima. Juzi nikamuuliza ilianzaje. Akanijibu: "Ilianza na koo."

ZUHURA: Pole yake, na pole yenu. Amekujibu sawasawa. Aliyemfikisha hapo ni bakteria wa duara, mdogo kiasi kwamba macho matupu hayamwoni kabisa, na mimi nimemtazama mara zisizo na hesabu.

DAUDI: Anaonekanaje?

ZUHURA: Unachukua usaha au makohozi, unapakaza kwenye kipande cha kioo, unakausha. Unamwagia rangi ya zambarau, kisha ayodini, kisha unasafisha kwa spiriti kwa sekunde chache tu. Hapo ndipo bakteria wanapojitenga. Wapo ambao rangi huwatoka, na wapo wanaoing'ang'ania. Wanaoing'ang'ania ndio tunaowaita Gram chanya, kwa jina la daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, aliyeitangaza mbinu hiyo mwaka 1884. Alikuwa Berlin, akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia.

DAUDI: Kwa nini wengine waing'ang'anie?

ZUHURA: Ukuta wao ni mnene. Rangi ikishaungana na ayodini ndani ya ukuta ule, spiriti haiwahi kuitoa. Hao wenye umbo la duara tunawaita kokasi. Sasa tazama wamekaaje. Wakiwa wamerundikana kama kichala cha zabibu, unashuku stafilokokasi. Wakiwa wamefuatana kama shanga zilizotungwa uzini, hao ni streptokokasi. Majina yenyewe ni ya Kigiriki na yanasema hivyo hivyo. Jina la stafilokokasi lilitolewa na daktari mpasuaji wa Aberdeen, Alexander Ogston, aliyewakuta kwenye usaha wa majipu miaka ya 1880.

DAUDI: Na kama hadubini haikupi uhakika?

ZUHURA: Tunaotesha, kisha tunadondoshea haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda. Stafilokokasi hutoa povu papo hapo. Streptokokasi hukaa kimya. Ni kipimo cha sekunde chache, na mpaka leo kinanifurahisha.

DAUDI: Tuanze na hao wa zabibu, halafu turudi kwa dada yangu.

ZUHURA: Hao tunaishi nao. Takriban watu watatu katika kila kumi wamebeba Stafilokokasi aureasi puani na hawaumwi chochote. Neno aureasi maana yake ni ya dhahabu, kwa sababu akioteshwa hutoa madoa ya rangi hiyo. Shida huanza ngozi inapopasuka: jipu, kidonda cha upasuaji kinachotoa usaha, mfupa unaooza kutoka ndani. Akiingia kwenye damu anaweza kukaa kwenye valvu za moyo, yaani vilango vinavyoelekeza damu, na kuzila kwa siku chache. Anaweza pia kukudhuru bila kuingia mwilini. Akizaliana kwenye chakula kilichoachwa nje huacha sumu, na ukikipasha moto unamuua yeye, sumu inabaki. Ndiyo maana mtu hula, na baada ya saa chache tu anatapika.

DAUDI: Huyo ndiye anayesemwa ni sugu kwa dawa?

ZUHURA: Ndiye. Mwaka 1928 Alexander Fleming aliona ukungu umemuua stafilokokasi kwenye sahani yake, na penisilini ikatokea hapo. Dawa hiyo humzuia bakteria asijenge ukuta wake. Kabla muongo wa 1940 haujaisha, stafilokokasi wengi hospitalini walikuwa tayari wanatoa kimeng'enya cha kuivunja. Ikatengenezwa dawa nyingine, methisilini, ambayo kimeng'enya hicho hakiivunji, ikaanza kutumika mwaka 1959. Mwaka 1961 usugu dhidi yake ukaripotiwa Uingereza. Miaka miwili! Ndiyo maana namsihi kila daktari anayenisikia: mgonjwa akiwa na dalili za maambukizi kwenye damu, chukueni sampuli ya damu kwanza, halafu dozi ianze mara moja. Tukiletewa damu iliyokwisha kuonja dawa, mara nyingi sahani haioti kitu, na mgonjwa anatibiwa kwa kubahatisha.

DAUDI: Sasa hao wa shanga.

ZUHURA: Ni ukoo mkubwa. Yupo niumokokasi, ambaye hukaa wawili wawili. Huyo ndiye wa nimonia, masikio ya watoto na homa ya uti wa mgongo. Tunashukuru ana chanjo. Yupo wa kundi B, hatari kwa mtoto mchanga. Lakini wa dada yako ni streptokokasi wa kundi A, Streptokokasi payojenesi. Huyo ndiye wa mafindofindo.

DAUDI: Ninachoshindwa kuelewa ni njia. Koo na moyo vinakutana wapi?

ZUHURA: Havikutani. Bakteria mwenyewe hafiki moyoni, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Juu ya mwili wake ana protini inayofanana na sehemu za nyama za moyo na valvu zetu. Kinga ya mwili inajifunza kumpiga yeye. Kisha koo linapona, mtoto anarudi kucheza, na wiki mbili tatu baadaye kinga ile ile inaupiga moyo kwa kuudhania ni adui. Magoti yanavimba, leo goti, kesho kifundo cha mguu. Wengine mikono inacheza bila wao kutaka. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona. Valvu hubaki na makovu.

DAUDI: Dada alisema hivyo hivyo. Magoti yalivimba, yakapoa, nyumbani wakashukuru Mungu yamekwisha.

ZUHURA: Wasijilaumu. Ugonjwa wenyewe hujificha hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 55 wana moyo ulioharibiwa kwa njia hii.

DAUDI: Na mzazi atajuaje? Watoto huumwa koo kila siku.

ZUHURA: Makoo mengi ni ya virusi, na antibiotiki hazisaidii kitu. Mtoto akiwa na mafua, kikohozi na sauti imekauka, huenda ni virusi. Lakini mwenye miaka kati ya 5 na 15, homa kali ya ghafla, hakohoi, hana mafua, tezi za shingo zinauma, na kwenye mafindofindo kuna utando mweupe, huyo apelekwe akapimwe. Kwa pamba inayopitishwa kooni na kupimwa, jibu linapatikana. Akiwa naye, penisilini ya kunywa ni siku 10 kamili, au sindano moja. Hata mkichelewa, nendeni. Dawa ikianza ndani ya siku tisa tangu koo kuuma, bado inazuia homa ile. Na huyu, tofauti na yule wa zabibu, hajaishinda penisilini mpaka leo. Ndicho kinachoniuma: dawa ipo, ni ya zamani, inafanya kazi, na moyo unaharibika kwa sababu koo lilionekana dogo.

DAUDI: Kwa nini basi sindano kila mwezi, na koo lilishapona?

ZUHURA: Kwa sababu kinga yake haisahau. Akimpata streptokokasi mwingine, hata bila kusikia maumivu ya koo, moyo unapigwa tena pale pale penye kovu. Sindano inaacha dawa ikitoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Wenye valvu zilizoharibika sana huendelea mpaka miaka 40, wengine maisha yao yote.

DAUDI: Anasema inauma kuliko anavyoweza kueleza. Kuna miezi amewahi kuiruka.

ZUHURA: Namwelewa, dawa yenyewe ni nzito. Aongee na muuguzi: chupa ikitoka kwenye friji ishikwe kiganjani kwanza mpaka ipoteze baridi, na isukumwe taratibu, dakika mbili au tatu. Maumivu hupungua kweli. Ijayo ni lini?

DAUDI: Alhamisi. Nitampeleka mwenyewe.