Mkataba wa Tatu na Maji ya Shoal Lake

Ndugu wasikilizaji, Shoal Lake 40 ni jamii ya Waanishinabe, wenyeji wa asili, iliyo mpakani mwa Ontario na Manitoba, Kanada. Anayetaka kuelewa kwa nini ilikaa miaka 24 bila maji salama ya bomba, huku ziwa limeizunguka, aanze na kifungu kimoja cha Mkataba wa Tatu, makubaliano ya ardhi kati ya serikali ya Kanada na Waanishinabe.

Mkataba ulitiwa saini Oktoba 3, 1873, Northwest Angle, kando ya Lake of the Woods. Mazungumzo ya 1871 na 1872 yalikwama: machifu walijua thamani ya njia ya magharibi iliyopita kwao. Alexander Morris, kamishna wa serikali, alikubali hatimaye dola 12 kwa kila mtu papo hapo, kisha dola 5 kila mwaka. Hizo dola 5 hazijapanda hadi leo. Rizavu, yaani ardhi iliyotengewa wenyeji, hazikuruhusiwa kuzidi maili moja ya mraba kwa familia ya watu watano.

Sasa kifungu chenyewe. Kuuza ardhi ya rizavu kulihitaji ridhaa ya wenyeji. Kuitwaa kwa kazi za umma hakukuhitaji. Serikali ilitakiwa kulipa fidia tu. Tofauti hiyo ndiyo iliyowaumiza. Sheria ya Wahindi (Indian Act), sheria ya Kanada kuhusu wenyeji wa asili, iliporekebishwa 1911, ilipanua mwanya huo hadi kwa miji na kampuni.

Winnipeg, mji mkuu wa Manitoba, ilikuwa inakua na kukosa maji. Shoal Lake iko juu kuliko mji, hivyo maji yangeteremka yenyewe kwenye mfereji uliofunikwa wa kilomita 150 hivi, bila pampu za kuyasukuma njiani. Takriban ekari 3,000 za rizavu zikatwaliwa, na maji yakafika mjini 1919. Kulikuwa na tatizo moja la kiufundi: Falcon River ilileta maji ya kahawia ya vinamasi karibu na mlango wa mfereji. Wahandisi wakajenga tuta, wakachimba njia ya kuyaelekeza ghuba nyingine. Njia hiyo ilikata rasi ambako jamii iliishi, ikawa kisiwa.

Hapo ndipo pa kutazama vizuri. Kisiwani, kiangazi watu walivuka kwa feri, na baridi juu ya barafu. Barafu ilipoanza kuyeyuka, kuvuka kukawa hatari ya kufa. Vifaa vya ujenzi navyo viligharimu mno kufikishwa, ndiyo maana mtambo wa kusafisha maji ulikawia. Amri ya kuchemsha maji ilitolewa 1997. Barabara ya kilomita 24, Freedom Road, ilifunguliwa 2019. Mtambo ukafuata, na amri ikaondolewa Septemba 2021.