Mitokondria Nayo Hutuma Ujumbe

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba kazi ya mitokondria, vile viungo vidogo vilivyo ndani ya seli, ni kuzalisha nishati, basi. Leo naomba tuisikilize, maana ina mengi ya kutueleza kuhusu kisukari aina ya pili.

Mitokondria ina DNA yake, mbali na ile ya kiini cha seli. Ni fupi sana: herufi 16,569 na jeni 37, ambazo 13 tu ndizo zilizojulikana kutengeneza protini. Kisha, mwaka 2001, watafiti wa Japani waliokuwa wakitafuta kinga ya seli za ubongo dhidi ya ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu kumbukumbu, wakakuta peptidi, yaani protini fupi sana, ya asidi amino 24, iitwayo humanini. Maelekezo yake yamejificha ndani ya jeni ya mitokondria ambayo hakuna aliyeitarajia kutoa kitu cha namna hiyo.

Ninayotaka tukae nayo zaidi ni peptidi nyingine ya mitokondria, MOTS-c, iliyotangazwa mwaka 2015 na Changhan Lee, Pinchas Cohen na wenzao huko California. Ina asidi amino 16 tu! Panya waliolishwa mafuta mengi huku wakidungwa MOTS-c hawakunenepa kama wenzao, na miili yao iliendelea kuitikia insulini. Kwa nini? Peptidi hii huzuia mzunguko wa foleti (namna seli inavyotumia foleti, aina ya vitamini B), kemikali iitwayo AICAR ikajaa ndani ya seli, nayo ikaamsha AMPK, kimeng'enya kinachotambua upungufu wa nishati. Hapo misuli huvuta glukosi kutoka kwenye damu. Mwaka 2018 likaonekana jambo lililonistaajabisha zaidi: seli ikipatwa na msongo, MOTS-c huingia hadi ndani ya kiini na kugeuza utendaji wa jeni zilizomo. Tulizoea kudhani kiini ndicho kinachoamuru siku zote.

Mazoezi huongeza MOTS-c mwilini, kwenye misuli na kwenye damu. Tena, wapo wanaume wa Asia Mashariki waliozaliwa na tofauti ya herufi moja ya DNA inayodhoofisha peptidi hii. Hatari yao ya kisukari ilipanda hasa kwa wale wasioushughulisha mwili.

Naulizwa mara nyingi kuhusu sindano za MOTS-c zinazouzwa mtandaoni. Nawasihi, msijidunge. Ushahidi mwingi tulio nao ni wa panya, na haijaidhinishwa kuwa dawa ya ugonjwa wowote. Wanariadha nao wajue kwamba imepigwa marufuku michezoni.

Karibuni kwa maswali.