Kuupa Mwale Mgongo

Habari za jioni, na ahsanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie picha za makorongo ya jangwani. Nitakaa mahali pamoja tu: Antelope Canyon, karibu na mji mdogo wa Page, Arizona, Marekani. Ile ni ardhi ya Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, na huingii bila mwongozaji. Lina sehemu mbili, korongo la juu na korongo la chini. La juu wanaliita Tsé bighánílíní, yaani mahali maji yanapopita kati ya miamba. Liwekeni akilini jina hilo.

Picha ya kwanza, tafadhali. Ndiyo hii. Mwale wa jua umesimama kama nguzo, vumbi likimeremeta ndani yake. Mmeshaiona kwenye simu zenu mpaka mmeichoka. Siibezi, maana nami nilisafiri kwa ajili yake. Ila mjue ilivyopikwa. Mwale hauonekani kama hewa ni safi, kwa hiyo mwongozaji wetu alichota mchanga, akaurusha juu, na kundi zima likapiga picha ileile. Tena una msimu: tangu mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua likiwa karibu na utosi, kama saa tano hadi saa saba mchana. Korongo hili la juu ni pana chini na jembamba juu, jua la pembeni halina pa kupenyea.

Na saa zenyewe za kule zina vituko. Kiangazi Wanavajo husogeza saa mbele, Arizona haisogezi, na ziara za Page hufuata Arizona. Simu yangu ikashika saa ya upande wa pili, nikawahi saa nzima, nikabaki nje nikichomwa na jua kama samaki wa kukausha.

Sasa tuuache mwale. Waliokulia vichochoro vya Mji wa Kale wanajua: saa sita mchana jua halifiki chini, lakini gazeti unalisoma. Mwanga umegonga ukuta wa juu, ukarukia wa pili, ukateremka hivyo hivyo mpaka kwako. Ni mwanga wa kuazima. Kwetu kuta ni za chokaa, mwanga hufika mweupe. Kule mwamba ni wa mchanga wenye madini ya chuma, rangi ya kutu, na kila mwanga unapogonga, ukuta hunywa sehemu ya buluu na kurudisha nyekundu na chungwa. Ukigonga mara tatu, nne, unafika chini kama kaa la moto. Halafu kuna pembe ambazo haziangaliani na ukuta unaong'aa. Hizo hupata ubuluu wa anga peke yake, zikawa zambarau. Watu huniuliza nimetumia programu gani. Zambarau ile ipo!

Anayeiharibu ni kamera yenyewe. Ukiiachia ijipangie rangi, itaona chungwa lote lile idhani ni kosa, iliparuze mpaka mwamba ufanane na saruji. Ipangie rangi ya jua la mchana, au ya kivuli, na uhifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata. Anga isiingie kwenye fremu hata ukanda: tofauti yake na sakafu ni kubwa mno, utapata shimo jeupe juu au giza chini. Ziara za kule haziruhusu tripodi, kile kiegemeo cha miguu mitatu, basi pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 800 au 1600, bana viwiko mbavuni, toa pumzi, piga. Chembechembe zitakazotokea kwenye picha utazivumilia. Lenzi ni moja, pana, na huibadilishi ndani. Mimi niliibadilisha mara moja tu, nikarudi hotelini na nusu ya jangwa kwenye sensa, kile kioo cha ndani kinachopokea mwanga.

Ile mistari mnayoiona ukutani ni vilima vya mchanga vilivyopangwa na upepo katika zama za Jurasiki. Upepo ulipanga, maji yakachonga.

Na maji hayajamaliza kazi. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika korongo la chini. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, upande wa juu wa bonde, mafuriko yakawakuta mle ndani. Hatuna haja ya kwenda Arizona kulijua hilo: korongo la Ol Njorowa, pale Hell's Gate, Naivasha, limeua wageni kwa namna hiyohiyo mwaka 2012, na tena 2019. Mwongozaji akisema tokeni, unatoka, hata kama mwale ndio kwanza unashuka.

Picha ya mwisho. Aliye karibu na swichi atuzimie taa. Hii niliipiga mchanga uliporushwa, wenzangu wote wameelekea kwenye nguzo ya jua. Mimi niligeuka, nikaangalia ukuta uliokuwa nyuma yao. Ule mwekundu wa pale kushoto, hadi kwenye zambarau chini, ni jua lilelile walilokuwa wakilipiga wao.

Haya, maswali.