Kinu cha Nyuklia au Jua la Dodoma: Gridi Yetu Inabeba Kipi?

NEEMA: Karibuni tena, tuko Dodoma. Swali linalorudi kila mara: urani ipo Bahi, ipo Manyoni, na Namtumbo ndiyo usiseme. Tunangoja nini kujenga kinu?

CHIBAGO: Urani si kuni, dada, kwamba unaokota na kuchochea. Ikitoka ardhini ina U-235, ile aina ya urani inayopasuka na kutoa joto, asilimia 0.7 tu, na vinu vingi vinataka 3 hadi 5. Lazima igeuzwe gesi, irutubishwe, yaani kiwango cha U-235 kipandishwe, halafu ifinyangwe vidonge vya mafuta. Viwanda vya kurutubisha duniani vinahesabika. Utakuwa na mgodi na bado mafuta ukanunue nje.

NEEMA: Mimi naona kikwazo kikubwa ni gridi. Mwanzoni mwa 2025 mahitaji yetu ya juu yalikuwa karibu megawati 1,900. Ukiweka kinu kimoja cha megawati 1,000, siku kikizima ghafla?

CHIBAGO: Hezi 50, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde ambayo mitambo yote inayafuata, zinaporomoka ndani ya sekunde. Mitambo mingine inajitoa ili isiharibike, nchi nzima inaingia giza. Ndiyo maana wahandisi hawapendi mashine moja ipite asilimia 10 ya uwezo wa mitambo yote ya gridi. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, lakini zimegawanywa kwa mashine 9 za megawati 235.

NEEMA: Na gridi ikizima, kinu chenyewe kinabaki na moto wake.

CHIBAGO: Hapo ndipo pagumu. Mara tu baada ya kuzimwa, kinu bado kina asilimia 6 hivi ya joto lake. Kwa kinu cha megawati 1,000 za umeme, hizo ni karibu megawati 200 za joto, na pampu lazima ziendelee kusukuma maji. Fukushima mwaka 2011, umeme wa nje ulikatika kwa tetemeko, kisha tsunami ikafurika jenereta za dharura.

NEEMA: Basi tujaze paneli za jua huku kwetu?

CHIBAGO: Taratibu! Paneli za megawati 50 kwa kawaida hutoa kama megawati-saa 240 kwa siku. Kinu cha 1,000 kinatoa zaidi ya 21,000. Tena paneli ikifika joto la nyuzi 60 inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu yake, bado vumbi la kiangazi. Na saa mbili usiku, watu wakiwasha kila kitu, jua halipo.

NEEMA: Ila mabwawa yapo. Mchana tumia jua, funga maji Mtera, usiku yafungulie, yazungushe mashine hapo, kisha za bwawa la Kidatu, chini zaidi kwenye mto huohuo.

CHIBAGO: Hiyo ndiyo betri ya bei nafuu tuliyonayo, na mimi ningeanzia hapo. Mwaka wa ukame, sawa, nyuklia inashinda: mafuta yanabadilishwa kila miezi 12 hadi 24, mvua inyeshe isinyeshe.

NEEMA: Lakini kinu nacho kinakunywa maji.

CHIBAGO: Lita 2 na zaidi kwa kila uniti, kikitumia minara ya kupozea. Dodoma hapana. Kipelekwe pwani, halafu umeme uje kwa laini ya kilovolti 400 hadi kituo cha umeme cha Zuzu, hapa Dodoma.