Kadi za kompyuta ya zamani kwenye tawa: skrubu ya nyuma haitoshi

Haya jamani tuanze. Watu wakihamisha mashine ya zamani kwenye keisi ya tawa, yaani ile inayosimama wima, wanahangaika na pawa saplai, diski, swichi ya mbele, ila kadi zenyewe, zile bodi ndogo za nyongeza kama za picha na sauti, wanapiga skrubu moja nyuma basi wameridhika, na mimi nasema hapo ndo matatizo mengi yanapozaliwa.

Angalieni IBM AT ya 1984. Mazabodi, yaani bodi kuu, imelala, kadi zimesimama juu yake, uzito wa kadi unaisukuma ndani ya sloti yenyewe, ule mfereji inamochomekwa. Kwenye tawa mazabodi inasimama, kadi inalala, sasa ule uzito wote unaining'iniza sloti kama ndoo kwenye mkono ulionyooshwa. Na kadi ndefu ya ISA, aina ya sloti za mashine hizo, inafika karibu sentimita 34! Zile keisi za zamani zilikuwa na reli ya plastiki kule mbele ya kushika ncha ya kadi, tawa za siku hizi nyingi hazina.

Alafu hiyo skrubu. Kama vinguzo vinavyobeba mazabodi ni vifupi au virefu kuliko keisi inavyotaka, ile braketi, kibati cha nyuma ya kadi kinachopigwa skrubu, haikai sawa na chuma cha keisi, wewe unakaza kwa nguvu, kadi inainama na upande wake mmoja unanyanyuka kutoka kwenye sloti, kidogo tu, macho hayaoni. Kwenye ISA pini ya volti 12 imekaa jirani kabisa na pini ya ground (ya kurudishia umeme), zikigusanishwa ni shoti, kwa hiyo kadi iliyoinama si ya kuichezea. Ingiza kadi bila skrubu kwanza, uone braketi inatua wapi, kisha rekebisha vinguzo kwa washa (vile vipete vya skrubu) za nailoni au tanua tundu la braketi kwa tupa, ukiwa umeitoa kwenye kadi, maana unga wa chuma ni hatari. Kadi isilazimishwe kamwe.

Wenye IBM PC ya 1981 mna kazi zaidi, sloti zake 5 zimeachana kuliko zile 8 za IBM XT iliyoifuata, na matundu ya keisi za baadaye yanafuata XT, so hamtalinganisha yote.

Ncha ya mbele ibebwe. Kipande cha aluminiamu kinachokatiza keisi, juu yake plastiki yenye mifereji, kadi iteleze humo bila kubanwa. Gundi ya moto sipendi, karibu na chipu inayochemka inalainika. Na tafadhali msijazie ile sponji nyeusi inayokuja na chipu, ile inapitisha umeme!

Ukimaliza washa mashine ipate joto, zima, iache ipoe, chomoa waya wa umeme, alafu kandamiza kila kadi na kila chipu iliyo kwenye soketi, joto na baridi huwa vinazisogeza. Haya, maswali, na aliyekuja na kadi aipitishe huku mbele.