Black Sabbath: Waimbaji Huja na Kuondoka, Iommi Yupo Palepale

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Birmingham, Uingereza. Tunaipitia safu kwa safu: nani aliingia, nani alitoka, na muziki ukabadilikaje.

KASSIM: Mpiga gitaa Tony Iommi ndiye pekee aliyepiga katika albamu zote za studio, kwa hiyo tuanzie kwenye vidole vyake.

NEEMA: 1965, ana miaka 17, siku yake ya mwisho kiwandani. Mashine ya mabati ikamkata ncha za kidole cha kati na cha pete, mkono wa kulia. Naye anapiga kushoto! Mkono huohuo ndio unaobana nyuzi.

KASSIM: Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vikofia vya kuvisha vidole, juu akabandika vipande vya ngozi ya koti kuukuu. Plastiki tupu inateleza, ngozi ndiyo inayoshika uzi. Kasoro yake, ukivaa hivyo huuhisi uzi, hujui umebana kwa nguvu kiasi gani. Nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu mno kwake, akaanza kuchanganya na za banjo, nyembamba zaidi.

NEEMA: Baadaye akashusha tyuni, yaani akalegeza nyuzi zitoe sauti ya chini zaidi. Wengi hudhani sauti ile nzito ilishushwa tangu mwanzo, wakati albamu mbili za 1970 kwa sehemu kubwa zina tyuni ya kawaida. Ni *Master of Reality* ya 1971 ndiyo yenye nyimbo zilizoshuka hatua tatu za nusu sauti, uzi mnene kutoka E hadi C-sharp, na Geezer Butler akashusha besi vilevile.

KASSIM: Ukijaribu hivyo nyumbani kwa nyuzi zilezile, zitalegea, zitagonga vyuma vya shingo, na ukichapa kwa nguvu noti itapanda kabla ya kutulia. Funga seti nene, ambayo uzi wake mwembamba kabisa ni 11 au 12 (elfu za inchi), halafu rekebisha urefu wa kila uzi pale kwenye daraja. Iommi aliutaka ulegevu huo, ulimpunguzia maumivu. Wewe huna sababu hiyo.

NEEMA: Tuje kwenye safu. 1968 walikuwa sita, kuna hadi saksafoni. Wakapunguzana wakabaki wanne: Iommi, Butler aliyeacha gitaa akashika besi, Bill Ward kwenye dramu, Ozzy Osbourne kwenye sauti. Wakajiita Earth, ikaonekana bendi nyingine ina jina hilo, 1969 wakawa Black Sabbath. Albamu ya kwanza waliirekodi kwa siku moja tu, ikatoka tarehe 13 Februari 1970.

KASSIM: Ozzy akatimuliwa 1979, akaja Ronnie James Dio kutoka bendi ya Rainbow. Hapa ndipo penye utamu, dada. Ozzy mara nyingi aliimba juu ya rifu yenyewe, kile kipande cha gitaa kinachojirudia. Sikiliza *Iron Man*, sauti na gitaa vinatembea njia moja. Dio hakufanya hivyo. Alitaka kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, zitulie chini ili melodia yake ipande na kushuka inavyotaka. Kwa hiyo *Heaven and Hell* ya 1980 si Sabbath ileile iliyobadilisha mwimbaji. Iommi alilazimika kutunga kwa namna nyingine.

NEEMA: Na maneno pia. Enzi za Ozzy, mengi aliandika Geezer; Dio alikuja na kalamu yake. Ward akaondoka 1980 katikati ya ziara, akaingia Vinny Appice. 1982 wakagombana juu ya uchanganyaji wa sauti za albamu ya jukwaani, Dio na Appice wakaondoka.

KASSIM: Halafu vurugu. 1983 Ian Gillan wa Deep Purple, na lile jukwaa lililoiga Stonehenge, mawe makubwa ya kale ya Uingereza. Geezer husimulia kwamba vipimo vya futi vilisomwa kama mita, mawe yakagoma kuingia kumbini.

NEEMA: Mita moja ni zaidi ya futi tatu, piga hesabu mwenyewe! Kwenye sauti, 1986 akaja Glenn Hughes, kisha Ray Gillen, kisha Tony Martin aliyeirudia sauti yote ya *The Eternal Idol*.

KASSIM: Martin anaonewa. Albamu tano! *Headless Cross* ya 1989, Cozy Powell akiwa kwenye dramu, inazishinda mbili za mwisho za Ozzy miaka ya sabini.

NEEMA: Hapo hatutaelewana, kaka. Tuendelee: Dio akarudi 1992, akakataa kumfungulia Ozzy jukwaa kule California, Rob Halford wa Judas Priest akaokoa jahazi kwa usiku mbili. Wanne wa mwanzo wakaungana 1997.

KASSIM: Lakini albamu ya *13*, mwaka 2013, Ward hayupo kwa sababu ya mkataba, dramu kapiga Brad Wilk. Na pengo linasikika. Ward alikulia kwenye jazi, anaufuata mwendo wa rifu, anachelewa kidogo, anarudi. Wilk anapiga mdundo ulionyooka, hauyumbi.

NEEMA: Weka *War Pigs* ya 1970, kisha *God Is Dead?* ya 2013, usikilize sahani za dramu na ngoma ndogo tu. Gitaa liache kwanza.